Waya wa Skrini Umeshikwa na Nani?

Ndugu zangu, naomba tuanze na waya mmoja mwembamba. Unapita kwenye bawaba ya kompyuta mpakato, kutoka kwenye bodi hadi kwenye skrini. Karibu kila mpakato wenye grafiki mbili (chipu zinazochora picha za skrini) unaoletwa mezani kwangu kwa malalamiko, nikichimba naishia kuuliza: waya huu umeshikwa na nani?

Grafiki ya kwanza imo ndani ya prosesa. Inaazima memori ya kompyuta na inatosheka na umeme kidogo. Ya pili ni chipu ya peke yake, yenye memori yake. Hiyo ndiyo ya michezo mizito na kuhariri video, lakini inamaliza betri na feni haitulii. Mwenye mpakato anazitaka zote mbili, kila moja kwa wakati wake.

Mwaka 2006 Sony ilitoa mpakato wa VAIO SZ wenye kitufe cha kusogeza: huku Stamina (betri idumu), kule Speed (kasi). Ukikisogeza, ilibidi uwashe kompyuta upya. MacBook Pro za mwishoni mwa 2008 zilidai utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena. Usumbufu, ndiyo, ila ulijua umesimama wapi, kwani skrini yenyewe ilihamia kwa grafiki uliyoichagua.

Februari 2010 NVIDIA, kampuni ya chipu za grafiki, ikatangaza Optimus, mpango wa kubadilisha grafiki bila wewe kugusa kitu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Katika mpango huu waya wa skrini hauhami. Unabaki kwa grafiki ndogo, ile ya ndani ya prosesa. Programu nzito ikifunguliwa, ile kubwa inaamshwa, inachora picha, kisha kila fremu, yaani kila picha moja, inanakiliwa kupitia PCI Express, njia ya data ndani ya kompyuta, hadi kwenye memori ya ndogo, nayo ndogo ndiyo inayoipeleka kwenye skrini. Mpishi yuko jikoni, anayepeleka chakula mezani ni mwingine. Ukifunga programu, kubwa inalala. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu.

Watumiaji wa Linux, mfumo endeshi ulio huru, walisota, maana Optimus haikuwa na msaada kwao. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, msikilizaji mmoja alimweleza Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kwamba mpakato wake una Optimus na hapati msaada. Torvalds aliishambulia NVIDIA hadharani kwa ukali uliosikika dunia nzima. Dave Airlie, mtengenezaji wa programu za grafiki za Linux, naye alikuwa akijenga ndani ya Linux yenyewe njia ya grafiki mbili kusaidiana, inayoitwa PRIME. Draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoendesha chipu yake, iliweza kuchora kwa namna hiyo mwaka 2019, katika toleo la 435.

Sasa kisa cha mwanafunzi aliyenijia akisema betri yake ni mbovu. Nyumbani inakaa saa nyingi. Akienda kuwasilisha kazi, inakata kabla hajamaliza. Alikuwa tayari kununua nyingine, na fedha hiyo ilikuwa ya ada. Betri ilikuwa nzima kabisa. Katika mpakato wake tundu la HDMI limeunganishwa na grafiki kubwa moja kwa moja. Akichomeka projekta, kubwa inaamka na hailali hadi achomoe, hata kama anachoonyesha ni maandishi matupu. Tukahamia tundu la USB-C, ambalo kwake linatoka kwenye grafiki ndogo, na feni ikanyamaza. Kwenye mpakato wako inaweza kuwa kinyume, kwa hiyo jaribu kila tundu.

Zipo pia mashine za michezo zenye swichi ya MUX, inayoweza kumkabidhi mpishi mkubwa skrini yenyewe. Kunakili fremu kuna gharama, na mchezaji wa kweli anaiona. Lakini ukisahau kuirudisha, utahangaika na chaja kutwa.

Mwenye Windows, fungua mipangilio ya skrini, sehemu ya grafiki, uchague programu mojamoja. Usiipe kivinjari grafiki kubwa kwa sababu tu ipo. Mwenye Linux, soma faili la runtime_status la grafiki kubwa: likisema suspended, imelala. Usiulize kwa nvidia-smi, amri ya NVIDIA ya kuangalia hali ya grafiki, maana amri hiyo yenyewe inaiamsha.

Nimekuja na waya wa HDMI na wa USB-C. Mwenye mpakato wa grafiki mbili apite mbele, tupime matundu yake yote.