Kagua Krimu Yako: Sumu za Urembo Tangu Karne ya 19

Karibuni watazamaji. Leteni krimu na losheni zote mnazopaka, zipangeni mezani penye mwanga, tuanze.

Hatua ya kwanza, geuza chupa nyuma. Mbele kuna jina na picha ya mrembo tu, na jina zuri limeshaumiza watu. New York, miaka ya 1860, iliuzwa losheni ya kung'arisha uso iitwayo Laird's Bloom of Youth. Mwaka 1869 daktari Lewis Sayre alieleza habari za wanawake watatu vijana walioitumia, mikono yao ikapooza. Hebu nyoosha mkono mbele, kisha inua kiganja kama unayesimamisha daladala. Hicho ndicho kilichowashinda: viganja vilining'inia tu. Losheni ilikuwa na madini ya risasi, yakapenya mwilini kidogo kidogo na kuharibu neva. Chupa haikuwaonya. Kwa hiyo ya kwako isipokuwa na orodha ya viambato na jina la mtengenezaji, itenge. Mkorogo uliochanganywa dukani ukatiwa kwenye kopo tupu, huo usiupe hata nafasi ya kujitetea.

Hatua ya pili, tafuta zebaki. Enzi zile dawa za kuondoa madoadoa usoni zilikuwa na chumvi ya zebaki, ngozi ya juu ikababuka, mtu akafurahia weupe wa chini akidhani amepona. Zebaki hiyohiyo bado imo kwenye baadhi ya krimu za kujichubua: inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, huku figo zikiumia kimyakimya. Soma taratibu. Ukiona mercury, Hg, calomel, mercurous chloride au ammoniated mercury, tenga. Angalia pia kama kuna onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu. Zebaki huzishambulia metali hizo. Krimu ya kawaida haina ugomvi na pete yako.

Hatua ya tatu, usitulizwe na neno "salama". Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani waliuziwa vidonge vya aseniki, yaani sumu kali, vya kumeza ili uso utakate, na neno salama lilikuwa ndani ya jina la bidhaa yenyewe: Dr. Campbell's Safe Arsenic Complexion Wafers. Aseniki, jamani, ya kumeza.

Sasa zile ulizotenga. Usizimwage chooni wala kwenye sinki. Kaza mifuniko, zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ziweke mbali na watoto. Kama umekuwa ukipaka, acha, kisha nenda hospitali na kopo lako mkononi, uombe mkojo upimwe zebaki na figo ziangaliwe. Mjamzito na anayenyonyesha wasingoje wiki ijayo. Na mweleze daktari kuhusu watu unaoishi nao, hasa watoto, kwa sababu zebaki hushika kwenye taulo na mashuka, ikamfikia hata asiyewahi kujipaka.