Profesa Humjui? Mwandikie Hivyo Hivyo

Haya jamani, mambo vipi watu wangu wa Dar! Leo hakuna stori za theluji wala bei ya unga wa ugali hapa Leipzig, Ujerumani. Leo najibu meseji zenu za masomo, maana zimejaa, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: nataka kuja kusoma huko Ujerumani, kwetu hakuna aliyefika, nianzie wapi?

Mimi mtoto wa Mbagala, mama yangu mama ntilie. Siku nimevaa joho pale Mlimani, nyumbani walijua shule imeisha, sasa kazi na kujenga. Kusikia nataka kuendelea, mjomba akauliza, "Kwani hayo masomo huwa hayaishi?" Swali halali kabisa. Nami jibu sikuwa nalo.

Watu wa aina yetu tunaishia kwa wakala wa vyuo vya nje. Sisemi wote matapeli, ila jua anavyopata riziki: wengi hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayelipa ada. Chuo kisichotoza ada kitamlipa nini? Kwa hiyo hana haraka ya kukwambia kwamba Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa sisi wageni, unatoa mchango wa muhula tu. Vipo vinavyotoza, mfano jimbo la Baden-Württemberg: tangu 2017 wasio wa Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula.

Ila msinisikie nusu. Ukija kwa uzamili bila ufadhili, ubalozi unataka kuona hela ya kujikimu ya mwaka mzima, na mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904 kwenye akaunti maalumu. Ukoo wetu mzima tukichanga hatufiki. Ndiyo maana nawapigia kelele za DAAD, lile shirika la Ujerumani linalotoa ufadhili wa masomo, na kwa uzamivu tafuteni nafasi zenye mkataba, zile unazolipwa mshahara huku unafanya utafiti wako.

Na uzamivu huku mara nyingi hauanzi na fomu, unaanza na mtu. Unamtafuta profesa ambaye utafiti wake unakaribiana na unachotaka, unamwandikia. Hapo ndipo tunapokwama! Sisi tumelelewa kwamba mkubwa unampa shikamoo yake unapita, humsumbui. Mlimani nilikuwa nazunguka korido weee, ndiyo nigonge mlango wa mhadhiri. Huku profesa kupokea barua ya mtu asiyemjua ni sehemu ya kazi yake. Andika fupi: wewe nani, umesoma makala yake ipi, unataka kutafiti nini, ambatisha CV na matokeo. Shida za kwenu usianze nazo, hiyo si barua ya kuomba msaada. Kimya wiki mbili? Mkumbushe. Kimya tena? Nenda kwa mwingine, wala hajakuchukia.

Barua za mapendekezo kutoka kwa wahadhiri wenu ombeni mkiwa bado mpo chuoni. Mwalimu mwenye darasa la mamia hawezi kukukumbuka kwa jina tu baada ya miaka. Mpelekee matokeo yako, kazi uliyomfanyia, na tarehe ya mwisho, mapema.

Halafu waandaeni wazazi kuhusu maksi. Huku 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 5.0 umefeli. Nilipata 1.3 ya uzamili, nikamrushia mama kwenye WhatsApp kwa mbwembwe. Akapiga, sauti ya msibani: "Usijali mwanangu, utarudia. Mlimani si ulileta nne?"

Dada wa Tandika uliyeuliza kama Kijerumani ni lazima: kozi za Kiingereza zipo nyingi, hasa uzamili. Lakini mwenye nyumba na karani wa ofisi ya wageni hawajasoma hizo kozi. Goethe-Institut wapo hapo Upanga, anza masomo kabla hujanunua sanduku.