Kabla ya Kisu, Prolaktini

Ndugu zangu, MRI, picha ya ndani ya mwili, naipenda kama nyinyi. Lakini ikikuonyesha uvimbe wenye maji pale kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, imekuonyesha maji, basi. Yaweza kuwa kraniofaringioma, yaweza kuwa kifuko cha Rathke, yaweza kuwa prolaktinoma, uvimbe wa tezi yenyewe unaotengeneza homoni ya prolaktini. Hii ya mwisho mara nyingi hunywea kwa vidonge vya kabagolini, fuvu halijaguswa. Sasa haraka ya kisu ya nini, na damu ya kupima prolaktini haijafika maabara?

Nasikia mtu pale nyuma: "Daktari, tulipima, imepanda kidogo tu." Ahaa! Hilo "kidogo tu" ndilo linaloninyima usingizi.

Nilimpokea baba mmoja, uvimbe mkubwa wenye vifuko vya maji, macho hayaoni pembeni, bega limechubuka kwa kugonga fremu za milango. Prolaktini: 60 ng/mL. Tarehe ya upasuaji imeshapangwa. Nikaomba sampuli izimuliwe mara 100, ipimwe tena. Jibu likaja kwa maelfu.

Mashine haikuharibika. Chukulia wapagazi wa sokoni: kila gunia libebwe na wawili, mmoja huku, mwingine kule, na karani anahesabu magunia yenye watu wawili tu. Magunia yakifurika, kila mpagazi anashika lake peke yake. Karani anaandika machache, na soko limejaa! Magunia ni prolaktini, karani ni mashine, wapagazi ndio kingamwili za kipimo. Ukizimua, unapunguza magunia, wanaanza kushikana wawiliwawili.

Msinigeuzie kibao kwamba kila prolaktini iliyopanda ni prolaktinoma. Uvimbe wowote ukibana kikonyo kinachounganisha tezi na ubongo, dopamini inayoizuia prolaktini haifiki kwenye tezi, prolaktini inapanda, kwa kawaida haivuki 100 ng/mL. Metoklopramidi, dawa ya kichefuchefu, huipandisha, risperidoni ya wagonjwa wa akili vilevile. Mimba pia, mnacheka, lakini ulizeni. Na prolaktinoma iliyojaa maji huweza kutoa homoni ndogo kuliko ukubwa wake, kwa kuwa maji hayatengenezi kitu. Namba ya katikati isomeni polepole.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, watoto: mvulana wa miaka 7 sauti imekuwa nzito na ana uvimbe kichwani, pimeni hCG, ndiyo, ile ile ya kipimo cha mimba, pamoja na AFP, protini ambayo baadhi ya uvimbe huimwaga kwenye damu. AFP ikiwa juu, hiyo si jaminoma tupu, ule uvimbe wa seli za uzazi. Kortisoli ya asubuhi, homoni ya tezi za juu ya figo, ilikuwa na slaidi sita, naziruka. Ila msimpe mtu thairoksini, homoni ya tezi ya shingo, kabla hamjaijua kortisoli yake.