Ufuo ni wa umma. Ada ni ya nani?

Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kufika. Nianze na mchanga wenyewe. Ule ukanda unaofunikwa maji yakijaa na kufichuka yakipwa ni ardhi ya umma. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaiweka mikononi mwa Serikali ya Kitaifa kwa amana ya wananchi, chini ya usimamizi wa Tume ya Taifa ya Ardhi. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linazipa kaunti kazi ya fuo, bustani na sehemu za burudani. Panda boti uingie Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986, na hapo uko kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Rudi mjini uingie Fort Jesus, uko kwa Makumbusho ya Taifa. Siku moja tu, na umepita mikono minne!

Sasa, kushika ardhi si kupewa ruhusa ya kutoza. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Na kifungu cha 209 kinaziruhusu serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti, kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Lishikeni neno hilo, huduma. Kodi unalipa hata usipopata kitu. Ada inadai choo, mlinzi, maegesho, kitu cha kuonekana.

Kaunti hupitisha viwango vyake katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka: muswada, maoni ya wananchi, kura ya bunge la kaunti, kisha jedwali la viwango. KWS hufuata njia nyingine. Waziri hutunga kanuni chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huzichapisha katika Gazeti Rasmi, na lazima zifike Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Zisipofika, zinakufa zenyewe, hata kama langoni watu bado wanalipa.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye jedwali la viwango. Limeandika ada ya gari, lakini mkusanyaji anamtoza na aliyekuja kwa miguu. Hiyo ni tozo isiyo na sheria nyuma yake, hata kama kibanda kina nembo ya serikali.

Marekani waliliandika jambo hili kwa ukali zaidi. Sheria yao ya 2004 ya ada za burudani katika ardhi za serikali kuu inataka mambo sita yawepo pamoja kabla ya ada ya kawaida: maegesho yaliyotengenezwa, choo cha kudumu, pipa la taka la kudumu, bango la maelezo, meza za kulia na ulinzi. Inakataza pia kumtoza mtu kwa kuegesha tu, au kwa kupita bila kutumia vifaa. Idara yao ya misitu ilipotoza watu waliokwenda kutembea tu Mount Lemmon, Arizona, mahakama ya rufaa iliwapa haki watembeaji mwaka 2012.

Jingine, na kwangu ndilo zito: kwao, kwa kawaida, angalau asilimia 80 ya mapato hubaki palipokusanywa. Kwetu, kifungu cha 207 kinapeleka mapato ya kaunti katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria ya Bunge imeyaondoa. Ndiyo maana unaweza kulipa kila Jumapili na bomba la ufuoni likabaki kavu. Pesa zimeingia kapu moja na mishahara na barabara, na bomba linangoja bajeti.

Kwa hiyo langoni, uliza ada hii iko mstari gani wa jedwali, kisha dai risiti yenye nambari na aina ya malipo. Kama hailingani na jedwali, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Si lazima uwe na wakili. Ambatisha risiti, na ukurasa wa jedwali.