Vumbi Mbele ya Kihisi: Kusafisha Kamera ya Dijitali kwa Mkono Wako

Mabibi na mabwana, naomba nianze na jina la kitu chenyewe. Wapiga picha wengi husema "sensa", neno ambalo masikioni mwa wengine ni kuhesabu watu, kwa hiyo leo nitasema kihisi, yaani kile kibamba cha silikoni kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu atakayekigusa kihisi chenyewe kwa kukisafisha nyumbani. Mbele yake pamewekwa vioo vyembamba vya kuchuja, kimojawapo kikiwa cha kuzuia mionzi ya infraredi, na vumbi hutua juu ya kioo kilicho mbele kabisa. Kioo hicho ni kigumu kuliko wengi wanavyodhani, lakini kimepakwa tabaka jembamba mno, na punje moja ya mchanga ikiburutwa juu yake inaweza kuacha mkwaruzo usiotibika kwa kufuta.

Kwa kuwa chembe ya vumbi haikai juu ya silikoni bali mbele yake kidogo, kinachoingia katika picha ni kivuli chake. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme f/2.8 (namba hii ikikua, tundu huwa dogo zaidi), mwanga huizunguka chembe kutoka pande nyingi na kivuli hutawanyika hadi kisionekane. Likibanwa hadi f/16 au f/22, mwanga hupita katika njia nyembamba na kivuli hukaza, kikawa doa la kijivu lenye ukingo. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga picha za watu mwaka mzima bila kuona kasoro yoyote, kisha siku anayopiga mandhari yenye anga pana akadhani kamera imeharibika usiku mmoja.

Vumbi huingia zaidi tunapobadilisha lenzi, na umeme tuli hulisaidia kung'ang'ania. Aina nyingine ya uchafu ni matone madogo ya mafuta yanayoweza kurushwa na sehemu zinazosogea ndani ya kamera, na hayo hayapeperuki. Tangu Olympus E-1 ilipotoka mwaka 2003 ikiwa na kichujio kinachotetemeshwa kwa kasi kubwa ili kukung'uta vumbi, watengenezaji wengine wameiga wazo hilo kwa namna zao, na ni busara kuuendesha mtetemo huo kwanza, mara mbili au tatu, kabla ya kufungua chochote.

Sasa nifike kwenye hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa kubwa kuliko kusafisha kwenyewe: picha ya majaribio. Weka ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga, iwe ya chini, bana tundu hadi f/16 au zaidi, zima ulengaji wa kujiendesha, kisha elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au anga tupu huku lenzi ikiwa haijalenga sawasawa. Ongeza mwanga kidogo ili ukuta usitoke kijivu, na usogeze kamera polepole wakati shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, iko wazi. Alama za ukutani zitafutika kwa mwendo huo, bali madoa ya vumbi yatabaki palepale, kwa sababu yanasafiri pamoja na kamera. Ikuze picha hiyo na uipitie pembe hadi pembe. Kumbuka kwamba lenzi huangusha taswira juu chini: ukitazama kihisi kupitia mdomo wa kamera, doa lililo juu kushoto katika picha utalikuta chini kushoto. Na chembe unayoiona katika kitazamio, yaani kidirisha cha kuchungulia, cha kamera yenye kioo cha kuakisi, lakini haimo katika picha, haihusiani kabisa na kihisi, iache. Nimekwisha kuona mtu akifuta kihisi safi mara nne kwa ajili ya unywele uliokuwa kwenye kitazamio.

Madoa yakithibitika, chaji betri ijae. Katika kamera yenye kioo cha kuakisi, chagua katika menyu hali ya kusafisha, ambayo huinua kioo na kufungua shata. Usitumie mwachio mrefu wa shata, yaani kuiacha wazi kwa kushikilia kitufe, kama njia ya mkato, kwa maana kidole kikiteleza au betri ikiisha, shata itafunga juu ya kile kilichomo ndani. Elekeza mdomo wa kamera chini, upulize kwa kipulizio cha mpira cha mkono bila kuingiza ncha yake ndani, kisha piga tena picha ya majaribio. Usipulize kwa mdomo wala kwa hewa iliyobanwa katika kopo: mdomo wako hutoa mate, na hewa ya kopo huweza kutema kimiminika baridi. Vyote viwili huacha uchafu mbaya zaidi ya ule wa mwanzo. Vumbi kavu mara nyingi huishia hapa.

Kilichobaki ndicho huhitaji unyevu. Kijiti cha kusafishia kiwe na upana unaolingana na kimo cha kihisi, yaani milimita 24 kwa fremu kamili ya 36 kwa 24, ili mpito mmoja ufunike eneo lote. Dondoshea tone moja au mawili tu ya kimiminika kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Vingi vyake huwa na methanoli, ambayo ni sumu na hushika moto, kwa hiyo fungua dirisha na uweke chupa mbali na watoto. Pitisha kijiti kutoka ukingo hadi ukingo kwa mkandamizo mwepesi, kigeuze, rudi kwa upande wake wa pili, kisha kitupe. Pamba ya masikio huacha nyuzi, na kimiminika kikizidi hukauka kikiwa michirizi. Kwa kamera ambayo kihisi chake huelea ili kutuliza mtikisiko wa mikono, soma kwanza kitabu cha maelekezo uone kama kihisi hicho kina namna ya kufungwa kisicheze, na mkono uwe mwepesi maradufu.

Doa likikaidi baada ya vijiti vitatu, au ukiona mkwaruzo au ukungu, peleka kamera kwa fundi. Lakini usihesabu kila chembe kuwa doa la kupigania. Kihisi cha kamera yangu kina chembe mbili pembeni, zinazoonekana kwa f/22 peke yake, nami, ukiacha picha za majaribio, sijapiga picha kwa f/22 tangu nilipoinunua.