Vitamini D katika mimba changa na kisukari cha mimba

Wakunga na wauguzi wenzangu, swali tunaloletewa kliniki ni hili: mama ana mimba ya wiki 10, kaambiwa vitamini D yake iko chini. Je, atapata kisukari cha mimba? Na akimeza vidonge, atakuwa ameepuka?

Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D. Ini huigeuza kuwa 25-haidroksi, ambayo ndiyo hupimwa maabara. Figo, na kwa mjamzito kondo la nyuma pia, huigeuza tena ikawa homoni kamili. Seli za kongosho zinazotoa insulini zina vipokezi vya homoni hiyo. Tafiti nyingi zilizofuatilia wajawazito zimeona kisukari zaidi kwa walioanza mimba na kiwango cha chini.

Lakini tusikimbilie kusema kimoja kimeleta kingine. Mafuta ya mwili huishika vitamini D, kwa hiyo mama mnene huonekana amepungukiwa, na unene wenyewe huleta kisukari cha mimba. Anayeshinda ndani hukosa jua, na mazoezi pia hukosa. Na mwaka 2020 WHO, Shirika la Afya Duniani, haikupendekeza kila mjamzito apewe vidonge hivi. Kwa anayeshukiwa kupungukiwa ilitaja yuniti 200 kwa siku.

Mkipokea majibu, someni kizio kabla ya namba. Kwa kawaida upungufu ni chini ya nanomoli 50 kwa lita, yaani nanogramu 20 kwa mililita. Jibu la 28 kwa nanogramu ni sawa na nanomoli 70, na linatosha. Ikiwa 28 hiyo ni nanomoli, mama huyo amepungukiwa sana. Na asivuke yuniti 4,000 kwa siku bila agizo la daktari: kalsiamu ikipanda katika damu, mama hutapika na figo huumia, na katika mimba changa kutapika huko hudhaniwa ni kichefuchefu cha kawaida.

Kinachomgundua mgonjwa wa kisukari cha mimba ni kipimo cha kunywa glukosi kati ya wiki 24 na 28, wakati homoni za kondo zinapoizuia insulini kwa nguvu. Mama afunge kula kwa muda wa saa 8 au zaidi, maji anaruhusiwa. Toa damu ya kwanza. Mpe gramu 75 za glukosi katika mililita 250 hadi 300 za maji, amalize ndani ya dakika 5, kisha akae atulie. Akitapika, kipimo kimeharibika. Pima tena baada ya saa 1 na saa 2. Milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2: moja tu ikifikiwa inatosha kusema ana kisukari cha mimba.

Tunapowakosa wagonjwa ni kwenye meza ya maabara. Seli za damu huendelea kula glukosi ndani ya chupa, asilimia 5 hadi 7 kila saa. Damu ya 5.3 ikisubiri saa moja tu husomeka kama 5.0, na mama huyo anarudishwa nyumbani kwamba hana tatizo. Chupa yenye floridi, kemikali ya kuzuia seli zisile glukosi, haizuii vizuri katika saa ya kwanza; weka damu kwenye barafu na majimaji yake yatenganishwe na seli ndani ya dakika 30.

Mama mnene, mwenye ndugu wa damu mgonjwa wa kisukari, au aliyewahi kukipata katika mimba iliyopita, asisubiri wiki 24. Apimwe sukari hudhurio la kwanza. Aliyegundulika arudi wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, apimwe upya kwa gramu 75 zilezile.