Usiondoke Bila Kukabidhi Zamu

(Mhadhara kwa wauguzi wanaosoma shahada ya uzamivu, Moshi)

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za mchana. Wale mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, poleni sana na asanteni. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Nimeombwa nizungumzie namna mwanafunzi wa uzamivu katika uuguzi anavyosonga mbele kimasomo, na namna anavyorudi akikwama. Hatua zenyewe mnazijua: masomo ya darasani kwa programu zenye masomo hayo, pendekezo la utafiti na kulitetea, kibali cha maadili cha kufanya utafiti kwa watu, kukusanya takwimu, kuandika tasnifu, kisha kuitetea mbele ya watahini. Sitakaa hapo. Nataka kuzungumza juu ya yule anayepotea katikati.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamivu mama alipopata kiharusi. Nikahamia nyumbani, Marangu. Mchana nipo kazini, usiku namgeuza mama kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo. Kompyuta niliiweka juu ya kabati, dada yangu akaifunika kitambaa cha meza isiingie vumbi. Msimamizi wangu aliniandikia barua pepe mara tatu. Ya kwanza niliisoma nikasema nitamjibu kesho. Ya pili sikuifungua. Ya tatu ilipofika nilikuwa na aibu kiasi kwamba hata jina lake kwenye simu lilinipa mapigo ya moyo.

Ilipita miezi 14. Niliporudi chuoni jina langu halikuwemo tena kwenye orodha ya waliosajiliwa.

Niliingia kwenye kikao cha kamati na bahasha nene: vyeti vya hospitali vya mama, stakabadhi za dawa, picha za kichwa. Mzee mmoja wa kamati akazipitia zote kwa upole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, tuoneshe barua uliyotuandikia wakati huo." Sikuwa nayo. Hata mstari mmoja sikuwa nao. Mimi niliyefundisha wanafunzi miaka yote kwamba muuguzi haondoki wodini bila kukabidhi, hata kama kwake kuna msiba, niliondoka bila kumkabidhi mtu chochote.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ofisi ya chuo haiusikii mshindo huo. Pale kimya kinasomeka kwa namna moja tu: huyu ameacha.

Kwa hiyo tuelewane kuhusu maneno. Aliyeahirisha masomo aliandika, akaruhusiwa, akapewa tarehe ya kurudi; muda wake mara nyingi unasimamishwa. Aliyefutiwa usajili hakuandika wala hakulipa, na saa yake iliendelea kuhesabu. Aliyedisko ameondolewa kwa matokeo yake. Mtaani wote watatu wanaitwa "aliyeacha shule", ila mlango wa kurudia ni tofauti kabisa, na wa yule wa kwanza ndio mpana.

Kwetu wauguzi kuna mambo mengine yanayoharibika wakati wewe umenyamaza. Kibali cha maadili ya utafiti kina mwisho wake, lazima kihuishwe. Ukikusanya takwimu kibali kikiwa kimeisha, hizo takwimu zina kasoro ambayo hakuna uchambuzi utakaoifuta, maana wale ni wagonjwa walioridhia chini ya kibali kilicho hai. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nayo inahitaji kuhuishwa. Na msimamizi anaweza kustaafu au kuhama, ukakuta mada yako haina mwenyewe.

Najua wapo hapa wanaowaza Marekani, na wawili watatu mna ndugu wanaosoma huko. Wenzetu wana njia mbili: PhD, ambayo ni ya utafiti, na DNP, ambayo ni udaktari wa utendaji wa uuguzi. Mwaka 2004 umoja wa vyuo vya uuguzi vya huko uliunga mkono DNP iwe shahada ya wauguzi wabobezi, na kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni saa 1,000 za mazoezi ya vitendo baada ya shahada ya kwanza. Programu nyingi zinataka wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4, yaani B. C ambayo sisi tulishangilia tukiwa shahada ya kwanza, kule mara nyingi inakulazimisha kurudia somo, na ukianguka tena unaweza kuondolewa. Kudahiliwa upya si haki ya mtu. Kunategemea nafasi, unaweza kuambiwa urudie masomo ya zamani, na mara nyingi unarudi chini ya kanuni za mwaka unaorudi. Aliyeondolewa kwa kuhatarisha mgonjwa huwa vigumu sana kurudishwa, na kwa hili nawaunga mkono. Mwenye viza ya mwanafunzi, tafadhali, asisimamishe masomo kabla hajapita ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Viza inategemea usajili.

Sasa barua ya kuomba kurudi. Iandike kama unavyoandika mpango wa uuguzi. Tatizo ni nini, limethibitishwa na nini, nini kimebadilika, utafanya nini, lini, na nani atapima. Mimi barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za majonzi. Ilirudishwa. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja: dada amechukua zamu za usiku kwa mama, mwajiri amenipa siku mbili kwa wiki, sura ya tatu ya tasnifu itafika tarehe fulani, msimamizi amekubali na sahihi yake hii hapa. Hiyo ndiyo iliyonirudisha, nikalipa ada ya muda niliopotea, na nilistahili kulipa.

Vyuo navyo visikwepe. Msimamizi anayekaa na sura ya mwanafunzi miezi sita bila neno naye amenyamaza, na kanuni zimbane vilevile. Ukituma kazi, tuma kwa maandishi, tunza tarehe. Siku ya kikao tarehe hizo zitakutetea.

Nimemaliza. Ila najua humu ndani kuna mtu ambaye hajamjibu msimamizi wake tangu kabla ya masika. Nimeona mlivyoinamisha vichwa niliposema barua ya tatu. Mimi nitakaa kwenye meza ile ya dirishani mpaka saa kumi. Njoo na simu yako, kama bando limeisha nitakuwashia yangu. Tutaandika mistari mitatu, utaituma nikiwa nimekaa pembeni yako.